Kitambaa cha Siku Arobaini

Lahore, 4 Novemba 1934

Kwa Dada yangu mpenzi Basant Kaur,

Sat Sri Akal. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Bishan Singh na yule nyati wenu mkorofi. Sisi hatujambo. Prem amepatwa na mafua tangu baridi ilipoanza, lakini anakusalimu. Mwanetu Jasso ameanza shule, na jambo la kwanza alilojifunza ni kucheka mwandiko wa baba yake.

Dada, nina habari njema. Ikulu ya Sohalgarh imenichagua mimi, mwalimu wa historia wa shule ya kawaida, niandike kitabu cha maisha ya Raja Attar Singh. Mwakani anatimiza miaka hamsini tangu afariki. Wanajenga ukumbi wa kumbukumbu, na kitabu kitatolewa siku ya kuufungua. Waziri Kishori Lal ameniambia kwa kinywa chake kwamba kazi ikimpendeza Raja wa sasa, nitafanywa mwandishi wa ikulu, na nyumba nitapewa ndani ya ukuta. Fikiria mwenyewe: mtoto wa Malhipur kuishi ndani ya ukuta ule.

Sasa nina ombi. Nitumie kile kitambaa cha babu. Nataka kukitazama kwa macho yangu na kukieleza vizuri kitabuni. Nitakirudisha upesi.

Mdogo wako,
Sujan Singh


Malhipur, 19 Novemba 1934

Mdogo wangu Sujan,

Sat Sri Akal. Sisi wazima. Bishan Singh anaumwa goti na analalamika kama amekatwa mguu. Nyati mkorofi amezaa, na maziwa yake ni mazito mpaka kijiko kinasimama. Mwambie Prem achemshe maziwa na manjano anywe, mafua yatamtoka. Mwambie Jasso shangazi yake anamuunga mkono: barua yako nilimpa Bhai Lehna Singh, msomaji wetu wa Kitabu Kitakatifu, anisaidie, na yeye pia alishindwa mistari miwili. Lahore imekusahaulisha hata herufi zetu.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nimefurahi, na bado moyo haujatulia, nakwambia mapema usije ukaniona mnafiki. Kitambaa kile hakijawahi kutoka Malhipur.

Unaijua hadithi, lakini mtu akikaa sana mjini husahau, kwa hiyo nakukumbusha. Mwaka ule Raja alifunga lango la mfereji wetu apate maji ya bustani yake mpya. Ngano yetu ikakauka imesimama. Watoto kumi na mmoja walikufa. Ndipo Watano wa gurudwara yetu, nyumba yetu ya ibada, waumini watano tu wenye mikono ya jembe, wakamwita. Akaja. Akamwacha tembo nje, akaingia miguu mitupu, nguo shingoni, mikono amekunja kama mwizi. Wakamwambia afungue lango, na akae siku arobaini mlangoni kufuta viatu vya watu wanaoingia kusali. Babu yetu Wadhawa Singh ndiye aliyekuwa mtunza viatu. Raja hakuwa na kitambaa, akachana pembe ya kilemba chake mwenyewe. Akafuta vibaya. Babu akamwambia, "Anzia kisigino, Maharaja. Vumbi lote hukaa kisigino."

Siku ya arobaini alimwachia babu kitambaa, akasema, "Wadhawa Singh, usikifue. Siku nikisahau, nionyeshe." Na kila Vaisakhi, sikukuu yetu ya mavuno, mpaka alipokufa, alikuja kuonyeshwa. Ndiyo maana tunampenda. Wafalme wenye bustani ni wangapi? Mfalme aliyefuta viatu vya Mai Nikki, huyu kikongwe wetu, alipokuwa bado mtoto wa miaka saba, yupo mmoja tu.

Haya, nakutumia. Anakuletea Ganda Singh muuza ngozi. Nimekifunga ndani ya mtandio wangu wa harusi. Masharti mawili: kisiguswe na maji, na kirudi kabla ya Vaisakhi. Kuna vitonge vya unga na sukari guru ndani ya mkebe. Samli ni ya yule mkorofi.

Dada yako,
Basant


Lahore, 2 Desemba 1934

Dada mpendwa,

Sat Sri Akal. Prem amepona, sijui ni manjano yako au ni jua lililotoka siku mbili. Vitonge vimekwisha. Jasso alijificha na mkebe chini ya kitanda.

Mzigo umefika salama. Ganda Singh alikaa kwetu, akala, akamsifia mke wangu, akakisifia zaidi kitanda. Lazima nikiri kwamba nilipofungua mtandio wako harufu ilijaza chumba. Prem alidhani kuna kitu kimekufa ukutani. Tulicheka.

Nina kazi nyingi. Waziri anapita Lahore wiki ijayo, na amesema atakunywa chai kwangu, nyumbani kwangu, Dada. Tumepaka chokaa chumba cha mbele. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Sujan


Malhipur, 14 Januari 1935

Mdogo wangu,

Sat Sri Akal. Jana tulikoka moto wa sikukuu ya Lohri, tukatupa ufuta na karanga, na binti wa fundi seremala aliimba mpaka sauti ikamkauka. Miwa tunakamua. Goti la Bishan Singh limepona ghafla siku ya sherehe, na leo linauma tena kwa kuwa kuna kazi.

Ulisema utaandika zaidi. Ni wiki sita sasa. Waziri alikunywa chai? Ilikuwa na sukari?

Mai Nikki hunisimamisha njiani kila siku. "Basant, kijana amefika mwaka gani kwenye kitabu?" Namwambia bado anaandika utoto. "Utoto gani mrefu hivyo," anasema, "mimi mwenyewe nimezaliwa, nimezeeka, yeye bado ananyonyesha Raja." Anataka kusomewa ile sura ya viatu kabla hajafa. Mdogo wake wa kiume alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, unajua. Hakuwa hata amepewa jina.

Na kuna jambo jingine. Wapimaji wa ikulu wamekuja langoni kwenye mfereji. Wamepigilia vigingi vyekundu. Bhai Lehna Singh aliwauliza, wakasema ni bustani ya ukumbi, itahitaji maji kidogo. Kidogo, walisema, huku wakionyesha kwa mikono miwili. Raja wa sasa atakuja Vaisakhi kwa mara ya kwanza, kama desturi ya babu yake inavyotaka, naye ataonyeshwa kitambaa kama babu yake. Safari hii kina kazi ya kufanya. Nakihitaji mapema.

Nijibu.

Basant


Lahore, 20 Februari 1935

Dada mpendwa,

Sat Sri Akal. Samahani kwa kuchelewa. Mitihani ya shule, halafu Jasso alipatwa na kikohozi, halafu mchapaji wa kitabu akataka kila kitu kwa pamoja. Mfikishie shemeji salamu nyingi. Huku maua ya haradali yamechanua pande zote za reli, nilipoyaona nikakukumbuka.

Kitabu kimekwisha. Kina kurasa mia mbili na kumi. Kuhusu ile sura, Dada, kuna namna mbalimbali za kusema jambo. Waziri alisoma rasimu yangu, akanieleza kwa upole kwamba kitabu cha ikulu si baraza la kijiji. Tumeandika hivi: "Mwaka huo Raja alijitenga kwa siku arobaini katika ibada ya unyenyekevu." Ni kweli kabisa. Anayejua atajua.

Kitambaa kiko ikulu kwa muda. Wamekipenda, wanataka wageni wakione siku ya ufunguzi, tarehe kumi Machi. Baada ya hapo tutaangalia. Usihangaike, kinatunzwa vizuri kuliko kilivyowahi kutunzwa.

Mambo ya vigingi siyajui. Mimi ni mwandishi tu.

Sujan


Malhipur, 14 Machi 1935

Sujan,

Watu wa nyumbani ni wazima. Leo salamu zimetosha.

Nilikwenda Sohalgarh. Hukunialika, lakini ukumbi umeandikwa mlangoni kwamba ni wa raia wote, nami ni raia. Nilikwenda na Mai Nikki kwa mkokoteni wa ng'ombe wa Bishan Singh, na mkate wa mahindi na mboga ya haradali kwenye kitambaa cha chakula. Tulifika siku moja baada ya ufunguzi. Mlangoni nikatafuta mahali pa kuvua viatu. Mlinzi akaniuliza natafuta nini.

"Pa kuweka viatu," nikamwambia.

"Hapa watu huingia na viatu, mama. Ni ukumbi, si gurudwara."

Mai Nikki akavua vyake hivyo hivyo, akavishika mkononi. Mlinzi akacheka. Akamwuliza, "Bibi, unaogopa vitaibiwa?"

"Naogopa nitamchafulia," Mai Nikki akasema. "Yeye alinifutia vyangu, nimchafulie sakafu?"

Yule kijana hakuelewa hata neno. Kitabu chako kipo mezani pale, chenye jalada jekundu. Hangeelewa hata akikisoma chote.

Tukapita panga, tukapita ngao, tukapita kiti cha tembo. Mwisho, ndani ya kioo, juu ya mahameli, kuna kitambaa. Ni cheupe kama karatasi. Mai Nikki akasema, "Hiki sicho. Chetu ni cheusi." Nikainama. Nikaona ukingo wa kijani. Nikaona ule mchaniko wenye pembe, aliouchana Raja kwa meno. Ni chenyewe, Sujan.

Nikasoma maandishi. "Kipande cha kilemba alichovaa Raja Attar Singh vitani, akamtunukia mpanda farasi wake hodari Wadhawa Singh."

Mpanda farasi. Babu yetu alikuwa anaogopa hata punda.

Mai Nikki aliniomba nimsomee, nikamsomea. Hakulia. Alivaa viatu vyake palepale ndani, akavifunga taratibu, akasema, "Huyu wa sasa akitufungia maji, tutamwonyesha nini?" Njia nzima ya kurudi mkate hakula.

Nani amekifua? Niambie ni nani huyo pale ikulu, nataka jina. Lile lilikuwa vumbi la viatu vya watu waliolia mwaka ule, vumbi la visigino vya mama zetu, na Raja mwenyewe alisema lisiguswe. Na nani aliwaambia habari za farasi?

Zimebaki siku thelathini kufika Vaisakhi.

Basant


Lahore, 27 Machi 1935

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana.

Ni mimi. Hakuna mtu wa ikulu. Nilikifua mwenyewe, hapa uani, asubuhi ile Waziri aliyokuja kunywa chai.

Sikupanga. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa, vikombe vya kuazima vimepangwa, na kile kitambaa kimelala mezani kinanuka miguu ya watu. Nilikitazama kwa macho ambayo Waziri angekitazama. Nikaona tambara. Nikachukua sabuni. Nilijidanganya kwamba nitatoa harufu tu. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu yakawa ya kijivu, nami nikaendelea kusugua, Dada, kwa sababu kila kilivyokuwa cheupe ndivyo nilivyopumua vizuri. Maji yote niliyamwaga mferejini, yakaenda na maji ya vyombo. Prem alisimama mlangoni. Aliuliza, "Dada yako hakusema kisiguswe na maji?" Nikamwambia anyamaze. Tangu siku ile hanyamazi ila mbele yangu.

Habari za farasi ni zangu pia, na ni za zamani kuliko kitabu. Mwaka wangu wa kwanza chuoni vijana wenzangu waliulizana kuhusu babu zao. Mmoja alikuwa jemadari, mwingine hakimu. Zamu yangu ilipofika nikasema mpanda farasi wa Raja. Mtu akishasema uongo mara moja, inabidi aulishe. Nimeulisha miaka kumi na minane. Waziri aliposhika kitambaa na kuuliza, "Babu yako alikipataje?" ulimi ulikuwa umeshazoea njia.

Najua utasema mkataa kwao ni mtumwa. Ndivyo nilivyo. Barua ya kuteuliwa imekuja, imepigwa muhuri, iko ndani ya sanduku la nguo. Naipita kama napita mbwa mkali.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tafadhali, nenda kwa Watano wa sasa, uwaelezee badala yangu. Wewe unajua kusema. Adhabu yoyote watakayotamka nitaitekeleza hukuhuku Lahore.

Sujan


Malhipur, 2 Aprili 1935

Mdogo wangu Sujan,

Sat Sri Akal. Ngano imeiva, wiki ijayo tunaanza kuvuna. Bishan Singh ananoa mundu na kuimba vibaya.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Nilikulea tangu mama alipofariki, nilikubeba mgongoni mpaka shuleni mto ulipofurika. Nilitaka kukuchapa. Nilikwenda hata kumkamua nyati, naye akanipiga teke, akaona sifai.

Sijakwenda kwa Watano na sitakwenda. Barua yako nairudisha ndani ya bahasha hii. Raja hakutuma Waziri aje kukiri kwa niaba yake. Alikuja kwa miguu yake, akasimama, akasema mwenyewe, babu alikuwepo akaona. Ukitaka kusema, njoo useme. Na usiniletee adhabu ya kutekelezwa Lahore. Viatu vya Malhipur viko Malhipur.

Ila kuna jambo moja sikukwambia ulipokuwa mdogo, kwa sababu babu hakupenda lisemwe. Siku kumi za mwanzo Raja alikuwa anafuta viatu kwa kisirani, huku anatafuna sharubu. Babu aliogopa. Siku ya kumi na moja akaja mwanamke aliyefiwa, akavua viatu, akavirusha mbele ya Raja. Raja akaviokota. Akavifuta muda mrefu, mpaka watu wengine wakaanza kupanga mstari. Babu alisema tangu siku ile hakukumbuka tena kwamba yule ni Raja. Alikuwa mtu wa pili wa kusaidiana naye kazi. Hivyo ndivyo babu yako alivyokuwa, Sujan. Mtu ambaye mfalme alikuja kujifunza kazi kwake. Wewe ukaenda kumtafutia farasi.

Vigingi bado vipo. Viko hatua kumi tu kutoka langoni.

Dada yako,
Basant


Sohalgarh, 9 Aprili 1935

Dada,

Sat Sri Akal. Nakuandikia nikiwa stesheni ya Sohalgarh, juu ya magoti, kwa hiyo mwandiko umezidi ubaya. Anakuletea barua hii Ganda Singh, nimemkuta hapa na ngozi zake. Prem na Jasso ni wazima, wako Lahore. Prem alinifungia nguo mwenyewe kabla sijamwambia naenda wapi.

Jana niliingia kwa Waziri Kishori Lal. Nilimrudishia barua ya uteuzi, nikamwomba kitambaa. Akanitazama kama anayemtazama mlevi.

"Bwana Sujan Singh, kile ni kitu cha kihistoria. Hakitoki."

Nikamwambia, "Hicho hakijaona vita, Mheshimiwa. Ni kitambaa cha kufutia viatu. Raja alifutia viatu vya wakulima siku arobaini kwa sababu aliwafungia maji. Babu yangu hakuwa na farasi. Alikuwa mtunza viatu, alimwelekeza pa kuanzia."

"Sauti," akasema. Akaenda kufunga mlango. "Umeliweka tambara la viatu kwenye mahameli ya Raja?"

"Nimeweka."

"Wageni waliinamia kile kitu. Raja mwenyewe alikigusa akakipeleka kwenye paji la uso."

"Alifanya sawa," nikamwambia. "Ila hakujua kwa nini."

Alikitoa kwenye kioo kwa mkono wake, akakishika kwa vidole viwili, akakiacha kidondoke mbele yangu. Kwa miezi minne nilijua kwamba ukweli ungenifukuza ikulu. Sikujua kwamba ndio pekee ungeweza kukitoa mle ndani. Jina langu litabanduliwa kwenye kitabu, na karatasi nyingine itagundishwa juu yake. Shule sijui kama itanisubiri siku arobaini. Nina hofu, Dada, nakwambia wazi. Nimekunja kitambaa na kukikunjua mara ngapi sijui, na kila nikikikunjua ni cheupe vilevile.

Nitafika kesho kutwa jioni. Usije kunipokea. Nitaingia kwa mlango wa gurudwara, nitasimama mbele ya Watano, na barua uliyonirudishia nitaisoma kwa mdomo wangu, hata pale kwenye farasi. Wakinipa siku arobaini, nitakaa pale alipokaa babu. Raja wa sasa atapita mlangoni siku ya Vaisakhi, naye kule hakuna ruhusa ya kuingia na viatu. Vyake vitakuja mkononi mwangu kama vya mtu mwingine yeyote. Akiniuliza hiki ni kitambaa gani, nitamjibu, na nitamwuliza habari za vigingi.

Mwambie Mai Nikki aje wa kwanza. Sura yake bado sijaiandika, lakini nitamwandikia yeye, bila muhuri wa mtu.

Na uwaombe watu kitu kimoja. Wakitoka mashambani kuvuna, wasikung'ute viatu vyao njiani. Waje navyo hivyohivyo, na vumbi lake lote. Najua pa kuanzia.

Mdogo wako,
Sujan, mjukuu wa mtunza viatu